Mgeni wa Wikipedia asipotee: mwongozo wa kulea wahariri wapya, kutoka Lamu

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha karibu yote nitakayosema hapa.

Usiku mmoja nilikuwa nimekaa barazani na simu mkononi, napitia Mabadiliko ya karibuni ya Wikipedia ya Kiswahili, ukurasa unaoorodhesha kila kilichohaririwa punde. Nikakuta makala mpya kuhusu uundaji wa mashua. Haina tanbihi hata moja ya kuonyesha chanzo, haina jamii (kundi la mada ambamo makala hupangwa), vichwa vyote kwa herufi kubwa, na nusu ya maneno ni Kiamu kitupu, lahaja yetu ya Lamu. Nikaibandika kigezo, yaani tangazo la juu ya makala, cha kuomba ifutwe, sikumwandikia mwenyewe neno, nikaenda kulala. Siku chache baadaye ikafutwa.

Miezi miwili ikapita. Tuko Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome ya Lamu, kahawa inamiminwa, kijana mmoja fundi akaniuliza: "Ami, si wewe unayeandika ile Wikipedia? Mimi niliandika mara moja. Siku tatu nzima, kwa simu. Nilipoamka haipo." Nikamuuliza iliitwaje. Akaitaja. Nikamwambia ukweli pale pale. Akacheka kwa adabu, akamaliza kahawa yake, na mpaka leo hajaandika tena. Mtu anayejua mkuku unalazwaje na mataruma yanapangwaje, ametolewa na mimi ambaye sijawahi kushika tezo.

Kanuni za Wikipedia hazikumfukuza, hakuzifikia hata. Alifukuzwa na kimya changu.

Hili halikuanzia kwetu. Wikipedia ya Kiingereza ilianza Januari 2001, ikafikia kilele cha wahariri wake hai mwaka 2007, kisha idadi ikaanza kushuka. Watafiti walipochunguza, moja ya sababu kubwa walizozikuta ni kwamba wageni wenye nia njema walikuwa wakifutiwa kazi upesi, na wengi wakipokewa na ujumbe wa kunakili, ule ule kwa kila mtu. Wao walikuwa na maelfu ya watu wa kupoteza. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, haina akiba hiyo. Kila mgeni anayeondoka kwetu anaondoka na kisiwa chake, na kijiji chake, na kazi ya mikono yake.

Yanayofuata ndiyo ninayofanya sasa, hatua kwa hatua. Nimeyafanya Amu mjini (ndiyo Lamu), Shela, na mara mbili Faza kisiwani Pate. Ukiwa Malindi au Tanga utabadilisha majina, mengine utayatumia vivyo hivyo.

Kabla ya kumwita mtu yeyote

Matatizo matatu ya kiufundi huharibu kikao cha kwanza hata kabla hakijaanza, na yote matatu yanazuilika.

La kwanza ni idadi ya akaunti. Wikipedia hairuhusu anwani moja ya intaneti kufungua zaidi ya akaunti 6 kwa saa 24. Watu kumi na wawili wakitumia intaneti moja ya maktaba, wa saba atakataliwa, na wa nane atakuwa ameshaanza kutazama saa. Una njia mbili. Ama uwaambie wafungue akaunti nyumbani siku moja kabla, kila mtu kwa bando lake, ama uwaombe wahusika mapema wakulegezee kikomo kwa anwani hiyo na siku hiyo. Mimi napendelea ya kwanza. Haihitaji kumsubiri mtu ajibu, na tena inakuonyesha nani ana nia kweli.

La pili linatuuma zaidi sisi watu wa simu. Kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja ya intaneti kwa pamoja. Mtu mmoja akifanya fujo popote nchini, anwani hiyo ikifungiwa, mgeni wako aliyekaa mtaani Langoni anafungua ukurasa na kuambiwa amezuiwa. Hakufanya lolote! Nimeona mama mmoja akiweka simu chini kana kwamba ameshikwa na wizi. Basi waambie watu wote mapema: "Ukiona neno kuzuiwa, si wewe, ni anwani ya mtandao." Mwenye akaunti anaweza kuomba ruhusa ya kupita kizuizi hicho. Wakati ombi linashughulikiwa, mhamishie kwenye mtandao mwingine kwa kumgawia intaneti kutoka simu ya jirani.

La tatu ni nywila. Asiyeweka barua pepe kwenye akaunti yake akisahau nywila amepoteza akaunti, na hakuna mkabidhi (msimamizi wa Wikipedia) wa kumrudishia. Simama kwa kila mmoja uone ameweka barua pepe na ameithibitisha. Ni kazi ya kuchosha. Ifanye.

Kuhusu jina la akaunti, eleza wazi kwamba litaonekana na dunia nzima, kwenye kila atakachohariri, miaka na miaka. Amu ni mji mdogo. Wako akina mama wasiopenda jina lao litembee, na wana haki. Jina la kupanga, hata la ua au la chombo, linakubalika kabisa. Kinachokatazwa ni jina la kampuni au taasisi, au jina la mtu mwingine anayejulikana.

Siku na saa: acha Ijumaa, acha Ramadhani. Wanawake wa hapa wengi huwa na nafasi kati ya alasiri na magharibi, na wanakaa huru zaidi kikao kikiwa nyumbani kwa mmoja wao kuliko ukumbini. Kwa wanaotoka Pate, tazama maji kwanza, kwa sababu mashua hupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, maji yakijaa. Niliwahi kupanga kikao cha saa tatu asubuhi, na wageni wa Faza wakafika saa saba. Kosa halikuwa lao.

Kazi ya kwanza iwe ndogo, na ibaki

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ndivyo walivyosema wazee. Kwa Wikipedia mimi humpa jembe siku ile ile ya kwanza, ila liwe jembe la kitoto. Katika nusu saa ya mwanzo lazima awe amebadilisha kitu halisi kwenye makala halisi, na kitu hicho kiwepo kesho akiamka.

Kwa hiyo usimwanzishe kwa makala mpya. Makala mpya ndiyo inayovutia macho ya kila mlinzi wa Mabadiliko ya karibuni, na ndiyo inayofutwa. Mwanzishe kwenye mbegu, yaani makala fupi zinazongojea kukuzwa. Mwache atafute kijiji chake: Matondoni, Kipungani, Kizingitini, Siyu, Mbwajumali. Atakuta mistari miwili au mitatu, na mara nyingi atakuta kosa. Hapo huhitaji kumhimiza tena. Hakuna kinachomfanya mtu wa Siyu ashike simu kwa mikono miwili kama kuona kijiji chake kimeandikwa vibaya.

Mpitishe hivi, polepole, yeye akibonyeza na wewe mikono nyuma:

1. Aingie kwenye akaunti yake, afungue makala, abonyeze Hariri. Kwenye simu ni alama ya kalamu.
2. Arekebishe jambo moja tu. Tahajia, nukta iliyokosekana, au kiungo cha kwenda makala nyingine ya Kiswahili.
3. Kabla ya kuchapisha, aandike muhtasari wa alichofanya: "nimesahihisha tahajia". Zoea hili litamwokoa siku nyingi baadaye, kwa sababu anayepitia mabadiliko huona nia yake bila kukisia.
4. Achapishe.
5. Afungue historia ya ukurasa.

Hatua ya tano usiiruke kamwe. Akiona jina lake pale juu, na saa, na tarehe, uso hubadilika. Bibi mmoja wa Shela aliniomba nimsomee mstari ule mara tatu, ingawa kusoma anajua.

Onyo dogo: akiongeza kiungo cha tovuti ya nje, akaunti mpya huulizwa fumbo la herufi zilizopinda ili kuthibitisha si roboti. Wengi hudhani wamevunja kitu. Mwambie kabla.

Chanzo, hapo ndipo tunapokwama

Huku kwetu elimu iko vichwani mwa watu. Nahodha anajua majina ya pepo na mikondo, bibi anajua nyimbo za ndoa na sababu ya kila ubeti, fundi wa milango anajua nakshi ipi ni ya zamani. Ukiwauliza wamejulia wapi, watakutajia marehemu. Wikipedia nayo inasema: lete kilichochapishwa. Isitoshe, inakataza utafiti mpya, yaani kuandika jambo ambalo halijapata kuandikwa kwingine kokote.

Wengi wanaofundisha wageni hulipita jambo hili kwa sentensi moja, "weka vyanzo", kisha wanashangaa watu hawarudi. Mzee wa miaka sabini akisikia hivyo anaelewa jambo moja: neno langu si kitu. Lazima ukae ulieleze.

Mimi huanza kwa kumwambia kwamba msomaji aliyeko Kigoma au Goma hamjui yeye wala babake, na hana njia ya kuja Amu kuuliza. Tanbihi ni ya msomaji huyo. Kisha humtolea mfano wa mji wetu. Vita vya Shela, watu wa Amu walipowashinda Wapate na Mazrui wa Mombasa, vitabu vingine vinavitia 1812, vingine 1813. Kila mtaa una yake pia. Tukiandika tarehe moja bila kusema nani kaisema, tumeanzisha ugomvi. Tukiandika zote mbili, kila moja na tanbihi yake, msomaji anaona mwenyewe hali ilivyo. Hapo mzee huanza kutabasamu, maana ugomvi huo ameusikia tangu utotoni.

Mfano wa pili ni mtamu zaidi. Khabari za Lamu zilikuwa masimulizi ya watu wa mji, yakaandikwa na Shaibu Faraji bin Hamed al-Bakariy, na mwaka 1938 yakachapishwa katika jarida la Bantu Studies. Tangu siku hiyo maneno ya barazani yakawa chanzo ambacho mwanachuoni yeyote anaweza kukitaja. Kwa hiyo mlango haukufungwa kwa mzee, anahitaji daraja tu. Akiwa na kijana anayeweza kuandika makala ya gazeti, au mwanafunzi wa chuo kikuu anayefanya tasnifu, neno lake likichapishwa huko linaweza kurudi kwenye Wikipedia na tanbihi yake.

Wakati huo huo mwonyeshe vyanzo vilivyo karibu. Ndani ya Ngome, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, kuna maktaba. Makumbusho ya Lamu yako ufuoni hapo hapo. Mji wa kale uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na hati zake ziko wazi mtandaoni. Nazo zinaeleza kuta za matumbawe, boriti za mikoko, milango ya nakshi na mpango wa mitaa kwa kirefu. (Mji wetu uliingia orodhani Desemba, na Wikipedia ilianza Januari ya mwaka huo huo. Wakati mwingine husema hivyo kikaoni, watu hupenda.) Magazeti, ripoti za serikali na sensa vyote vinafaa. Kalenda za harusi, ujumbe wa WhatsApp na kurasa za watu binafsi havifai.

Zoezi ninalolipenda: nampa kila mtu fotokopi ya ukurasa mmoja wa kitabu kilicho maktabani, pamoja na jina la mwandishi, mwaka na namba ya ukurasa. Kazi yake ni kutoa sentensi mbili kwa maneno yake mwenyewe, kuziongeza kwenye mbegu, na kuweka tanbihi. Dakika arobaini. Akifaulu hili amevuka mahali ambapo wengi huzama.

"Lakini hiki ndicho Kiswahili chenyewe!"

Jiandae kwa jambo hili, litakuja. Mtu wa Amu ataandika nti, mato, kuya, iwe, na mtu asiyemjua atabadilisha ziwe nchi, macho, kuja, jiwe. Atahisi ametukanwa, na ana hoja. Tungo kongwe tunazojivunia zilitungwa kwa lahaja za kaskazini. Kiswahili sanifu kilichaguliwa kwa msingi wa Kiunguja tu mnamo miaka ya 1920 na 1930, na hakuna aliyekuja kuuliza maoni ya Wapate.

Mimi simjibu kwa kanuni. Namwambia: sisi tunamwandikia msomaji wa kutoka Lubumbashi hadi Lindi, kwa hiyo maelezo tunayaweka katika sanifu. Lakini majina ya vitu tunayaacha kama yalivyo, na tunayaeleza. Wikio ibaki wikio, ukiongeza "chumba kinachovuka njia juu, kuunganisha nyumba mbili". Zidaka zibaki zidaka, vishubaka vya ukutani. Mtepe ubaki mtepe, chombo cha kushonwa kwa kamba bila misumari. Ubeti unanukuliwa kama ulivyotungwa, herufi kwa herufi. Na kwa mwenye hamu ya maneno yenyewe kuna Wikamusi, kamusi huru iliyo ndugu ya Wikipedia, ambako neno la Kiamu lina nafasi yake kamili kama neno lolote. Dada mmoja niliyempoteza Wikipedia nilimpata huko.

Na wewe mlezi, ukirekebisha lahaja ya mtu, andika kwenye muhtasari "kusanifisha kwa wasomaji wa kote". Usiandike "kusahihisha". Hakukosea.

Picha: njia ya asiyependa kuandika

Si kila mtu ni wa sentensi. Mwenye simu nzuri na jicho zuri anaweza kuchangia kwa kupiga picha na kuzipakia Wikimedia Commons, hifadhi ambayo Wikipedia za lugha zote huchota humo. Mlango wa nakshi, daka (kibaraza cha mlangoni), punda wa mizigo, gofu la Takwa kule Manda, hatua za kutengeneza halua. Picha yake ya kijiji ikikaa kwenye makala ya Kiswahili leo, kesho Mfaransa anaweza kuiweka kwenye ya Kifaransa.

Masharti mafupi. Awe amepiga mwenyewe. Picha ya kwenye kundi la WhatsApp si yake hata kama hakuna anayejua ya nani. Aelewe kwamba anatoa ruhusa ya kudumu, na kwamba mtu anaweza kuitumia hata kwa biashara, mradi ataje jina lake. Mpiga picha mmoja wa hapa aliposikia hilo la biashara alikataa, nikamshukuru tukaagana vizuri. Ni bora akatae leo kuliko kujuta baadaye. Na nyuso za watu, ndani ya nyumba, akina mama ibadani: aulize, na akikataliwa basi.

Makala za mashine

Siku hizi kijana huja na makala nzima, ndefu, imenyooka, imeandikwa na programu ya akili mnemba au imetafsiriwa na mashine. Ukisoma aya ya pili unakuta Lamu ina mto, au "mashua ya mbwa". Usimcheke. Kaeni pamoja, asome kwa sauti. Sikio la Mswahili hukataa lenyewe. Kisha mwambie achague aya moja aitafsiri kwa mkono wake, aangalie kila tanbihi kama ipo kweli na inasema kilichodaiwa. Programu hizo hubuni vitabu visivyokuwepo, na hili ndilo la kumtahadharisha zaidi kuliko lugha mbovu. Lugha mbovu itaonekana na yeyote anayesoma. Kitabu cha kubuni kinaweza kukaa miaka.

Namna ya kusahihisha bila kufukuza

Sasa turudi kwenye kosa langu. Ningefanyaje usiku ule?

Kwanza ningengoja. Makala ya dakika kumi huenda bado inaandikwa, kwa sababu wageni huchapisha kila baada ya sentensi wakiogopa kupoteza kazi. Ipe siku moja, isipokuwa ni matusi, uongo juu ya mtu aliye hai, au maandishi yaliyonakiliwa. Hayo matatu hayangoji.

Pili, ningerekebisha mimi mwenyewe kitu kimoja na kumwachia mengine. Ukitengeneza vyote unamwonyesha kwamba hahitajiki. Ukiacha vyote hajui pa kuanzia. Ningeweka jamii, ambayo mgeni hawezi kuijua, na kumwachia tanbihi na vichwa.

Tatu, ningemwandikia kwenye ukurasa wake wa majadiliano, kwa lugha ya mtu na mtu. Linganisha. Ujumbe wa kwanza, aina tuliyozoea kubandika: "Makala yako haikidhi vigezo. Tafadhali soma miongozo kabla ya kuchangia tena." Wa pili:

"Salaam aleikum. Nimesoma makala yako ya mashua, nimejifunza neno mataruma ambalo sikulijua. Ina shida moja kubwa: haina chanzo, na bila chanzo wenzangu wataifuta. Je, unakijua kitabu au gazeti lolote lililoeleza kazi hii? Nami nitatafuta. Nimeweka jamii chini, tazama nilivyofanya. Ukikwama nijibu hapa hapa."

Umetaja kitu alichokiandika yeye, umesema tatizo moja badala ya manane, umeuliza swali ambalo jibu lake analo, na umejionyesha. Mfundishe pia kujibu: abonyeze kitufe cha jibu, saini itajiweka yenyewe. Akiandika kwa mkono, aweke alama nne za wimbi (~~~~) mwishoni. Wengi hupokea ujumbe wa kwanza na hawajui hata kwamba unajibika.

Nne, kama makala kweli haifai kwa sasa, omba ihamishiwe kwenye ukurasa wake wa majaribio badala ya kufutwa. Kazi yake anabaki nayo. Hii pekee ingembakisha fundi wangu.

Mhariri mwingine akikuta mgeni wako na akawa mkali? Usigombane naye mbele ya mgeni, na usirudishe alichofuta mara mbili tatu, hayo ni mashindano ya kurudishiana na yataishia kwa wakabidhi. Mwandikie kando umwambie ni mtu mpya unayemlea. Mara nyingi atalainika, kwa kuwa naye amechoka, anapitia mabadiliko mia peke yake usiku kama nilivyokuwa mimi.

Makala za kumwepusha nazo mwanzoni

Ukoo wake, shule anayofundisha, hoteli ya mjomba, yeye mwenyewe. Nasaba za masharifu. Mashamba na hati za ardhi. Bandari mpya na nani kafaidika. Hizi si haramu, na siku moja zitaandikwa vizuri na watu wa hapa hapa. Ila mtu wa wiki ya kwanza akiingia humo atafutiwa, atabishana, na kwa nasaba ataletewa ugomvi mpaka mlangoni kwao. Kuhusu biashara ya jamaa, mweleze mgongano wa maslahi kwa mfano wa kadhi: hakai kuhukumu kesi ya nduguye. Wanaelewa mara moja.

Baada ya kikao

Kikao ni sehemu rahisi. Chai, mahamri na mbaazi, picha ya pamoja, kila mtu amefurahi. Mwezi mmoja baadaye kati ya kumi na wawili amebaki mmoja au hakuna. Nimeliona hili mara nyingi kiasi kwamba sasa naita watu wanne tu, na nguvu zangu naziweka kwenye wiki zinazofuata.

Siku ya pili, tazama michango ya kila mmoja. Kama kuna chochote, hata herufi, bonyeza kitufe cha kushukuru kilicho kwenye historia. Ni mguso mmoja, na yeye hupata taarifa. Siku ya nne mtumie kazi moja inayomfaa yeye: mvuvi umpe makala ya samaki, mwalimu umpe ya kijiji anakofundisha. Usimtumie orodha ya makala mia zinazokosekana, hiyo ni kumtwika gunia. Wiki ya pili mwonyeshe orodha ya maangalizi, ili kijiji chake kikiguswa ajue. Hapo mwenyewe ataanza kuwa mlinzi. Mwezi wa pili mwombe akusaidie kumpokea mgeni mwingine. Aliyefunguliwa akaunti mwezi juzi anakumbuka wapi aliogopa, wewe umeshasahau.

Wikipedia nyingi sasa zina ukurasa wa kumpokea mgeni, unaompangia mlezi na kumpendekezea kazi ndogo. Jiandikishe kuwa mlezi ikiwa upo. Lakini usidhani programu itakulelea mtu.

Kuhusu zawadi nina maoni yangu. Mashindano ya "atakayeandika makala nyingi" huleta makala nyingi, hilo sikatai, nyingine za mistari miwili zilizonakiliwa kwa haraka. Zawadi ikiisha na watu huisha, na wanaobaki kusafisha ni wale wale watatu. Kulipia bando la mtu asiye na uwezo, sawa, na uwe wazi kwamba ni bando na si mshahara. Zawadi nzuri niliyowahi kutoa ilikuwa kuchapisha makala ya mtu kwenye karatasi, pamoja na picha yake mwenyewe ya mlango, nikampa aipeleke kwao. Imebandikwa sebuleni.

Akinyamaza

Atanyamaza. Mvuvi kaskazi hashikiki, mwanafunzi ana mitihani, mama ana arusi ya mtoto. Usimhesabu kuwa amekufa, na usimlaumu. Ngoja wiki tatu, kisha mwandikie mara moja tu, kuhusu kitu chake:

"Habari za siku nyingi, dada. Makala yako ya Kipungani, mtu ameiongezea sehemu ya mikeka leo asubuhi. Nadhani amekosea jina la majani. Ukipata nafasi litazame."

Akija, mjibu siku hiyo hiyo. Asipokuja, usiandike mara ya pili. Iweke Kipungani kwenye orodha yako ya maangalizi, na lile jina la majani ulirekebishe baada ya kumuuliza anayesuka.